Komeo la Seli ya Mwisho

Basi la kwenda gereza la zamani, ambalo siku hizi ni makumbusho, lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji hata kutega sikio. Kwenye kiti cha mbele yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche, alikuwa akimwambia mama mshonaji aliyekutana naye kituoni kwamba huko ameshakwenda mara kadhaa. "Sisi wanaume tunarudi kuelewa, mama. Nyie mnarudi kulia."

"Nani kakwambia nalia?" Mama akatoa kitambaa mkobani. "Kuna picha ya binti aliyefungwa na mwanawe mgongoni. Kioo chake hakifutwi. Nakwenda kumpangusa uso, namsalimia, narudi zangu. Haya, wewe umeelewa nini mara zote hizo?"

Fundi akakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta jibu. "Lile komeo la seli ya mwisho. Limetengenezwa vizuri mno. Kila nikiliona najiuliza, yule fundi mwenzangu alipata usingizi siku alipolimaliza?"

"Kumbe na wewe una mtu wako mle ndani!"

"Komeo si mtu, mama."

"Mbona unalitembelea?"

Nilitamani kumtetea mwanamume mwenzangu, nikasogea mbele kidogo. Basi likasimama langoni. Fundi akatangulia kushuka, akampokea mama mkoba, bado anashikilia kwamba yeye amekuja kuelewa tu. Kisha akashusha sauti.

"Hicho kitambaa, mama... kinafaa kupangusia na chuma?"