Kamera Iliona Tumbo Safi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Mnero! Mimi ni mama Shukuru, mnanifahamu. Leo nimesimama niseme yaliyonipata tumboni.

Ilianza msimu wa ufuta. Nikila matonge mawili tu, nimeshiba. Nikijilaza mchana naota mwanamke nisiyemwona uso, ananilisha nyama. Naamka na ladha ya nyama mdomoni! Ikawa hivyo siku nyingi, na mwili unakwisha.

Wifi yangu Tekla, mke wa kaka, alikuja kutoka Likunja. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, wewe unalishwa kichawi." Akanipeleka kwa mganga wa kwao. Yule mzee aliweka kiganja tumboni, akakiondoa upesi kama aliyeungua. "Kitu kimo," akasema. "Kinapumua." Hakutaka hata kunitibu!

Nilirudi nimekufa moyo. Mume wangu akasema basi, hospitali ya Nachingwea. Huko tukapewa rufaa ya hospitali kubwa zaidi mjini. Wakanipitishia kooni mpira wenye kamera, wakanyofoa vinyama vya tumbo, wakapima vinasaba. Daktari akaniambia, "Mama, chembe hizi zina alama moja, kama watoto wa tumbo moja. Ni saratani ya limfu, yaani ya chembe za kinga ya mwili, imechochewa na bakteria."

Nikameza dawa za kuua bakteria. Nikaanza kula. Kamera ikapita tena, wakanyofoa tena vinyama vya kupima: tumbo safi! Nikapiga vigelegele mle mle chumbani.

Majibu ya vinasaba yalipotoka, daktari hakucheka. "Kwa macho pamepona. Lakini kipimo bado kinaiona ile alama."

"Kwa hiyo zimo?"

"Zimo chache. Zimetulia. Hatuongezi dawa, tutasubiri na kupima."

Kusubiri, ndugu zangu! Napepeta choroko, nimenenepa, watu wananisifu, nami najua kuna wasioonekana wamekaa kimya ndani yangu. Tumbo likinguruma, nashtuka. Nikaomba: Bwana, wewe uonaye sirini, tazama humo! Kipimo cha pili, alama ipo. Cha tatu, ipo. Cha nne, daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama Shukuru, leo hatuioni."

Haleluya! Nikakaa chini sakafuni. Kliniki naendelea kwenda, maana ameniambia nisiache. Ila hofu imeondoka, namshukuru Mungu!

Ndugu yangu unayeshiba kabla ya kula, mtumaini Bwana, na kesho asubuhi panda gari la Nachingwea ukapimwe. Sisi tutakuombea ukiwa njiani.