Dada Yetu na Kundi la Nyota Hafifu

Ndugu waombolezaji, dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kifungua mimba wa watoto watano, akasoma shule ya msingi ya palepale relini kuanzia 1968, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978. Mwaka 1980 aliajiriwa kukata vioo katika duka la miwani, akadumu hapo miaka thelathini na sita, na tarehe 2 Agosti 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, aliyeingia dukani kuziba sinki akatoka na miwani asiyoihitaji, wakajaliwa mabinti wawili.

Alipostaafu alinunua darubini, akaifunga juu ya paa, akaapa kulipiga picha kundi moja la nyota, maelfu kwa maelfu zilizosongamana kama mpira, ila mbali mno na hafifu mno, hata chama cha watazama nyota kikamwambia, mama, kwa kidarubini hicho usijisumbue. Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua, daktari akasema muda si mrefu, naye akapanda ngazi vilevile, akipumzika kila baada ya vidato vitatu.

Kumbe alishalipata mara kadhaa, lakini kila akiona doa la ukungu alidhani ni uchafu wa kioo, mkono wa dukani ulikimbilia kitambaa, anafuta, darubini inatikisika, doa limepotea, anashuka akijisifia usafi. Tarehe 9 Mei 2024 umeme ulikatika, injini inayoizungusha darubini ifuate nyota ikasimama, nyota zikaanza kuteleza, na doa likateleza nazo, shemeji akauliza, mke wangu, uchafu gani huu unaosafiri, dada akachungulia tena, kisha akafoka, mzee, kifiche hicho kitambaa! Usiku uliofuata walipiga picha mia mbili na arobaini, wakaziunganisha kuwa moja, wakaituma chamani.

Jibu lilimkuta wodini tarehe 10 Juni, kwamba doa lile ndilo kundi lenyewe, akamwomba muuguzi amsomee ujumbe ule mara tatu, na alfajiri ya Jumanne tarehe 11 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa dukani, na majirani mliozima taa zenu za nje mkikaa gizani kwa ajili yake. Picha iko hapo mlangoni, itazameni bila haraka. Pumzika kwa amani, dada, uliliona.