Mkaidi Anasubiri Difu Yake

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo tulipofika gerejini tulipokelewa na miguu. Binti wa marehemu alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu nje, kichwa upande wa injini.

"Salamu zisubiri kidogo," aliita kutoka huko chini. "Nina nati mkononi."

Tukasubiri. Alikuwa anakaza bolti za propela ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Anakaza moja, anahamia ya upande wa pili, anarudi. Bolti ikishika sawasawa, anachukua brashi ndogo na kuchora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Siku mstari huo ukikatika, ujue nati imelegea. Hakuna haja ya kubahatisha. Baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo. Baba yake ndiye tunayemkumbuka leo.

Wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Taratibu. Tulimzika wiki iliyopita. Alikuwa fundi wa magari, mume wa mke mmoja, baba wa binti mmoja. Na alikuwa na gari moja, kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lililoitwa Mkaidi.

Nanyi mtaniwia radhi. Kipindi hiki hupenda kuwakumbuka watu kwa upole wao. Fundi Taratibu alikuwa mpole, hilo halina ubishi. Hakupandisha sauti hata jeki ilipomponyoka. Lakini alikuwa na kisasi. Alikilea kisasi hicho kama mtu anavyolea mche wa mchungwa, kwa maji kidogo kila siku. Binti yake ametuomba tusikifiche.

"Mkikiacha," alituambia, akijifuta grisi kwenye suruali, "mtakuwa mmemkumbuka mtu mwingine."

Basi tuanze na gari.

Mkaidi lilinunuliwa na baba yake Fundi Taratibu, yaani babu wa binti huyu. Mzee huyo alikuwa akibeba mizigo ya watu hadi kule juu kwenye machimbo ya kokoto, kwenye ule mteremko mkali ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiria. Gari lilipoanza kuchoka, mzee na mwanawe mdogo walilifanyia mabadiliko. Walibadilisha difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

Kwa wasiojua, difu ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu mawili. Linapokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu. Ndani yake kuna meno. Ukibadilisha meno, unabadilisha tabia ya gari. Mzee na mwanawe waliweka meno ya kuvuta. Mwendo ukapungua, nguvu ikaongezeka. Walibadilisha difu zote mbili, nasisitiza, kwa sababu mbele na nyuma lazima ziwe sawa. Kwa nje hazikuwa na tofauti yoyote na difu za kawaida. Waliojua walikuwa wawili tu, mzee na Fundi Taratibu.

Kaka mkubwa wa Fundi Taratibu hakujua. Yeye hakupenda grisi. Alipenda biashara, akawa mfanyabiashara wa mbao, na kiwanda chake cha kupasulia mbao kipo hadi leo ng'ambo ya barabara, kikitazamana na gereji.

Mzee akafariki. Gari likabaki kwa wana wawili. Mwaka huohuo jeki ikateleza, Fundi Taratibu akavunjika mguu, akalazwa hospitali. Kaka akaona hiyo ndiyo nafasi. Alikuwa na gari la aina ileile kama Mkaidi, na difu yake ya nyuma ilikuwa imekufa. Akavuka barabara na vijana wake. Wakalipandisha Mkaidi kwenye magogo, wakachomoa difu ya nyuma, wakachukua na magurudumu yake. Mke wa fundi alisimama mlangoni akiwatazama.

"Nilimwambia, shemeji, si umsubiri mwenzako atoke wodini?" mama huyo alitusimulia. "Akanijibu, 'Hicho ni chuma chakavu, shemeji. Kinachobaki mfugie kuku.'"

Mfugie kuku. Fundi Taratibu alipotoka hospitali na magongo yake, mkewe alimpa maneno hayo kama alivyoyapokea. Fundi alizunguka gari mara moja, akaingiza mkono pale penye pengo la difu ya nyuma, akaupitisha polepole. Kisha akaomba chai.

Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, Fundi Taratibu alianza kulifufua Mkaidi. Alifanya kazi za watu mchana, na saa za jioni kabla ya jua kuzama alikuwa wa Mkaidi. Alikwangua kutu hadi chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikang'aa. Alikata sakafu iliyooza, akachomea nyingine. Alinyanyua springi ili gari lipite juu ya mawe. Aliweka winchi mbele, ya kujivutia likikwama. Alichomoa honi kwenye lori bovu, ile honi inayoamsha mtaa, akaifunga chini ya boneti.

"Ya nini honi yote hiyo?" mkewe aliuliza.

"Ya geti la kaka."

Kiti cha dereva alikishona upya kwa ngozi nzuri. Kiti cha abiria hakukigusa. Kilikuwa na springi moja iliyotoboa kitambaa, imesimama wima kama kidole. Wateja walimwambia akirekebishe. Alikataa.

"Hapo atakaa kaka yangu," alisema. "Tutapanda naye hadi machimboni. Taratibu."

Na difu ya nyuma? Hakuweka. Mafundi wenzake walimletea difu nyingine, nzima kabisa. Akazirudisha. Aliitaka ileile iliyotoka. Mkaidi likawa gari kamili, limepakwa rangi, injini inanguruma vizuri, lakini nyuma limekaa juu ya magogo. Mkewe ana msemo wake kuhusu miaka ile: "Nilidhani nimeolewa na mwanamume, kumbe nimeolewa na chasisi."

Sasa tuvuke barabara, tuone yaliyompata kaka.

Gari la kaka lilikuwa na difu ya Mkaidi nyuma na difu yake ya kawaida mbele. Meno tofauti. Lilipovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, halikuwa na shida, lilikuwa zito kidogo tu. Lakini kaka akiingiza ile gia ndogo ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, mbele inataka mwendo huu, nyuma inataka mwendo ule. Gari linapigana lenyewe kwa lenyewe. Usukani unakuwa mgumu, matairi yanalia, halafu kile kigiaboksi kinachogawa nguvu kinasaga meno na kupasuka.

Kilipasuka mara ya kwanza. Akanunua kingine. Kikapasuka nacho. Aliita mafundi wa karibu na wa mbali. Walifungua giaboksi, walibadilisha mafuta, walilaumu vipuri, walimlaumu dereva. Hakuna aliyehesabu meno ya difu. Na kwa nini wahesabu? Kaka hakumwambia hata mmoja wao difu ile imetoka wapi. Angesemaje? Angesema ameichomoa kwenye gari la marehemu baba yake, mdogo wake akiwa wodini? Alinyamaza. Na kwa kunyamaza, alijifungia mlango wa nje kwa ndani.

Fundi Taratibu alijua tangu mlio wa kwanza. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake mbele ya gereji, kikombe mkononi. Ng'ambo ya barabara kaka yake alikuwa akiwaonyesha wateja jinsi gari lake linavyopanda. Ukasikika mlio, krrr, kisha kishindo, kisha matusi.

Fundi alipiga funda.

"Leo chai imekolea sukari," alisema.

"Na hakuwa anatumia sukari," mkewe alituambia. "Daktari alimkataza zamani."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila mara gari la ng'ambo lilipovunjika, fundi aliisifu chai. Binti alikuwa msichana mkubwa sasa, ameshika spana kando ya baba yake, na siku moja alimuuliza kulikoni. Baba akamweleza yote, meno ya mbele na meno ya nyuma.

"Sasa kwa nini usimwambie?"

"Akiniuliza, nitamwambia. Lakini aniulize yeye. Kwa mdomo wake. Aseme, 'Ile difu niliyochukua ina nini?'"

"Baba, yule dereva wake ana watoto. Akivunjikiwa kwenye mteremko je?"

Fundi aliinama tena kwenye injini. Lakini tulimtafuta dereva huyo, naye akatueleza jambo ambalo hata binti hakulijua.

"Mzee aliniita kwenye benchi lake," dereva alisema. "Akaniambia, 'Wewe kile kigia kidogo usikiguse kabisa. Mlima ukikushinda, shuka, waache wapakue. Na usiniulize kwa nini.' Sikukigusa. Mkifuatilia, kila lilipovunjika aliyeshika usukani ni bosi mwenyewe, anajionyesha."

Ndivyo kilivyokuwa kisasi cha Fundi Taratibu. Alikipima kwa kipimo cha mtu mmoja, akahakikisha hakimwagikii mwingine.

Miaka ikaenda. Kifua kikaanza kumsumbua. Mwezi uliopita alilazwa, na kaka yake akaja kumtazama. Binti alikuwepo, amekaa pembeni ya kitanda. Anasema baba mkubwa alisimama karibu na mlango akichezea funguo za gari. Alizungumzia bei ya mbao. Alizungumzia mvua. Akakohoa, akatazama dirishani.

"Mkaidi anaendeleaje?" hatimaye aliuliza.

"Anasubiri mgongo wake urudi," mgonjwa akajibu.

Binti anasema aliona midomo ya baba mkubwa ikifunguka. Alikuwa karibu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kisha akasema, "Haya, upone haraka," akaondoka.

Fundi alicheka hadi kifua kikambana. Alipotulia, alimshika binti yake mkono.

"Mwanangu, muda wangu umekwisha. Asiponiuliza mimi, akuulize wewe. Akikuuliza kistaarabu, mwambie. Akileta ujanja, mwambie mbele za watu."

Hakurudi nyumbani.

Siku ya mazishi, kaka ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya ukoo. Alizungumza vizuri. Alisema yeye na mdogo wake walikuwa kitu kimoja. Kisha akasema, na waliokuwepo mnakumbuka, "Lile gari la baba yetu nililihifadhi kwa mikono yangu, nikalinusuru lisiwe chuma chakavu."

Binti alikuwa amemshika mama yake bega. Aliyasikia maneno hayo, chuma chakavu, yakitoka kwenye mdomo uleule. Anasema hakulia tena siku hiyo.

Watu walipotawanyika, baba mkubwa alimfuata faraghani. "Mwanangu," akamwambia, "gari langu linanisumbua, wewe umerithi mkono wa baba yako. Kuna kitu alikuambia?"

"Kuhusu nini, baba mkubwa?"

"Kuhusu gari langu tu."

"Lina kitu cha nani ndani?"

Akamtazama. Akatazama viatu vyake. "Tutazungumza siku nyingine," akasema.

Kesho yake binti akatupigia simu. Nilimuuliza kama ana hakika anataka haya yasikike. Nikamuuliza tena leo, akiwa chini ya gari. Akasema ana hakika. Tulimpigia na kaka wa marehemu, kwa kuwa si haki kumtaja mtu bila kumsikia. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Semeni tu kwamba tulipendana." Basi tunasema. Alisema walipendana.

Mimi sihukumu. Sikuwepo wodini wala sikuwepo pale magogo yalipowekwa. Lakini jibu la swali ambalo mtu mmoja alishindwa kuliuliza kwa miaka yote hii, sasa limekwenda hewani. Difu ya nyuma haifanani meno na difu ya mbele. Haijawahi kufanana. Mtaa mzima sasa mnajua kwa nini, na mnajua ilitoka wapi.

Kwa mjane wa Fundi Taratibu, pole sana, mama. Kwa binti yake, pole. Kwa dereva na mafundi wote wa barabara ile, poleni. Na kwako kaka wa marehemu, nawe umefiwa, pokea pole yetu, hata kama leo imekuja na kitu kingine ndani yake. Sisi wengine tulio na swali tunalolimeza kila tunapokutana na ndugu yetu, tujiulize tunalilinda kwa faida ya nani.

Tulipoondoka gerejini, binti alikuwa amemaliza propela ya mbele. Mistari yote myeupe ilikuwa mizima. Alizunguka nyuma, akachuchumaa mbele ya magogo, akaingiza mkono kwenye lile pengo na kuupitisha polepole. Bolti za difu ya nyuma zilikuwa ndani ya kopo, zimeoshwa, zimepakwa mafuta. Akafunika kopo la ile rangi nyeupe.

"Leo basi," alisema. "Iliyobaki ni ya kesho."

Tukamuuliza kama ana ujumbe.

"Mwambieni baba mkubwa geti la gereji litakuwa wazi kesho asubuhi. Ailete difu mwenyewe, asimtume dereva. Tutaifunga pamoja, nitamwonyesha kuchora mstari. Halafu tutapanda wote machimboni."

Alifungua mlango wa abiria, akaibonyeza ile springi kwa kidole. Ikarudi juu.

"Kiti chake kipo."