Mpira wa Vikao

"Mpira wa Wamarekani, mama, mguu hauna kazi sana," alisema Kasiani, mpishi wa misheni, alipokwisha kumwamkia mwanamke aliyekaa mbele yetu kwenye treni ya kutoka Ngerengere, jogoo kwapani. Padri aliwaonyesha watu wa misheni sinema ya mpira huo ukutani, na tangu siku hiyo Kasiani hana habari nyingine. "Mtu anaukumbatia kama fenesi la wizi, wapinzani wanamrukia, wanarundikana juu yake. Ila namba saba hakamatiki!"

"Wakishaanguka?"

"Filimbi inalia, wanainamiana duara, wanafanya kikao. Wakikimbia kidogo, kikao tena."

Mama akacheka. "Basi hicho ni kijiji chetu cha ujamaa. Tuta moja, kikao."

"Wale ni mabepari, mama!" Kasiani alikasirika kweli, ila sikujua anawatetea wao au sisi.

"Nani alishinda?"

"Jenereta ilizimika wakiwa kikaoni."

"Umeona? Na sisi mahindi yaliliwa na ngedere tukiwa kikaoni."

Filimbi ikalia: Morogoro. Abiria tukarundikana mlangoni. Kasiani alikuwa chini ya rundo, bado anabisha. Mama akamkumbatia jogoo wake, akainamisha kichwa, akapenya katikati yetu, na hakuna aliyemkamata.