Mzee Keinan na Karatasi ya Pili

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2008, saa kumi na moja jioni, Mzee Keinan Sahal atafunga droo yake ya chuma, ile inayokwama mpaka uipige teke, na kustaafu baada ya miaka kumi na tisa na miezi minane katika kituo chetu cha ushauri wa wakimbizi hapa Digbeth, Birmingham. Droo tunamwachia nani, hatujui. Hakuna mwingine anayejua pa kupiga.

Alianza Machi 1989 kama mkalimani wa siku mbili kwa wiki, wakati kituo chote kilikuwa chumba kimoja juu ya ghala la zamani la vifungo. Kwao ni kaskazini mashariki mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, na huko alikuwa karani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Alipanda hapa kidogo kidogo: mkalimani, kisha mshauri wa kesi, kisha msimamizi wa mafaili yote. Mimi ninayeandika haya, Nabintu wa mapokezi, nilifika kutoka Bukavu mwaka 1998 nikiwa mteja wake kabla ya kuwa mwenzake. Kwa hiyo msinitarajie nisimpendelee.

Hata hivyo ukweli usemwe. Mzee Keinan ni mtu wa visa. Kiswahili changu cha Kikongo anakiita Kiswahili kisichochomekewa shati, na kwa miaka kumi amekuwa akinichomekea, nitake nisitake. Chai yake haichemshwi kwa birika la umeme kama za watu wengine; lazima sufuria, maziwa, iliki na mdalasini, mpaka moshi upande darini. Mwaka 2001 king'ora cha moto kililia, jengo zima likatolewa nje mvuani, na yeye akashuka ngazi wa mwisho, sufuria mkononi, bila kumwaga hata tone. Askari wa zimamoto walikunywa chai. Wajukuu wake wakimsemesha Kiingereza huwa kiziwi ghafla, na kusikia humrudia pale tu wanapojikaza kwa Kisomali au Kiswahili.

Lakini kisa kilichotushinda kabisa kilikuwa cha kadi. Mnajua desturi ya ofisi za hapa: mtu akioa, akijifungua au akiugua, kadi moja huzungushwa na wote hutia sahihi. Mzee Keinan hakutia. Kadi ikimfikia aliipitisha kwa mwingine kama sahani ya moto, kisha kesho yake analeta kadi yake mwenyewe, yenye jina lake peke yake. Siku basi la Winson Green lilipokwama nikamwomba kwa simu aniandikie jina kwenye daftari la mahudhurio, alinijibu kwamba Nabintu ana mkono wake. Jamani, nilikasirika! Précieuse, mwenzetu wa kitengo cha makazi, alipofunga ndoa na jina la mzee likakosekana kwenye kadi, tulisema waziwazi kwamba mzee huyu anaringa.

Majira ya baridi ya mwaka 2005 ndiyo yaliyotufunga midomo. Wakili wetu Jasbir alileta faili la mzee mmoja aitwaye Sherzaman, kutoka maeneo ya makabila mpakani mwa Pakistan na Afghanistan. Maeneo yale yalikuwa na utawala wake wa peke yake: mwakilishi wa serikali juu, wazee wa makabila chini, na sheria ya zama za ukoloni iliyoruhusu kabila zima liadhibiwe kwa kosa la mtu mmoja. Wanamgambo walipojaa milimani, jeshi likaingia. Sherzaman, akiwa mzee wa watu wake, aliweka dole gumba kwenye mkataba kwamba kabila litawatoa wanamgambo. Halikuwatoa, lingewatoaje? Wanamgambo walikuwa na bunduki nyingi kuliko kabila. Serikali ikaibomoa nyumba yake kwa kuvunja ahadi. Wanamgambo nao wakaapa kumuua kwa kuiweka.

Ombi lake la hifadhi lilikataliwa. Afisa aliyelisoma aliona maelezo hayashikani: mtu aliyetia sahihi na serikali ni wa serikali, sasa serikali imbomolee nyumba kwa nini? Basi anadanganya, na arudishwe. Tulikuwa na siku kumi za kukata rufaa, na hatukuwa na chochote mkononi ila neno la mzee mwenyewe. Jasbir alikuwa amekwisha kumwandaa kwa habari mbaya.

Siku hiyo Mzee Keinan alikuwa kwenye meza ya pembeni akipanga mafaili, kesi hata si yake. Aliposikia mkalimani wa Kipashto akitaja dole gumba, aliweka kalamu chini. Akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na Sherzaman, akamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza: siku ile, nani alikushika mkono? Sherzaman akasema ni mtoto wa dada yake, aliyekuwa karani katika ofisi ya yule mwakilishi wa serikali. Mzee Keinan akavua miwani na kuanza kulia mbele yetu sote.

Ndipo tukaujua mwaka 1966. Kwao Keinan nako kulikuwa na wapiganaji, operesheni za jeshi na sheria za hali ya hatari, na kosa la mmoja lililipwa na ukoo mzima. Baba yake alikuwa mzee wa ukoo, hakujua kusoma. Ililetwa karatasi kwamba ukoo utasalimisha bunduki zote ndani ya siku kumi na nne. Karani kijana wa miaka ishirini na mitatu alimsomea baba yake, akalishika dole gumba lake, akalichovya wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Aliamini anamsaidia. Wenye bunduki walikwisha kuvuka mpaka zamani, hazikuja hata mbili. Ngamia wa ukoo wakachukuliwa, baba akafungwa miezi saba, na wapiganaji wakamwita msaliti. Hakumlaumu mwanawe hata siku moja, na Mzee Keinan anasema afadhali angemlaumu.

Tangu hapo hakuwahi kuweka jina lake pamoja na la watu wengine, wala jina la mtu mwingine kwa mkono wake. Sisi tulidhani anaringa. Niliona aibu siku ile, na bado ninayo kidogo.

Alipojifuta macho alimwambia Sherzaman, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba anajua kuna karatasi ya pili. Utawala wa namna ile hauvunji nyumba bila karatasi. Sherzaman akakana. Mzee Keinan akamweleza kwamba baba yake naye alikana, kwa sababu karatasi ile ilimtaja kwa jina kuwa mtu aliyevunja neno lake, na mzee wa watu haonyeshi karatasi kama hiyo. Aliificha chini ya sanduku la nguo mpaka walipoikuta baada ya maziko. Sherzaman alimtazama. Kisha akasimama, akaenda penye msumari wetu wa kutundikia makoti, akashusha kizibao chake, akachana bitana kwa ukucha. Amri ya kubomoa nyumba ilikuwa humo, yenye muhuri, tarehe na jina lake. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikikipokea kizibao kile mlangoni na kukitundika kwa mikono yangu miwili!

Jasbir alijenga rufaa juu ya karatasi ile, na Mzee Keinan akaandika maelezo ya kurasa kumi na mbili kuhusu maana ya kuliwekea kabila dole gumba, jinsi anayetia sahihi kwa niaba ya wote anavyodaiwa na wote. Machi 2006 jaji alikubali. Leo Sherzaman anaishi Birmingham na wajukuu wake wawili, na hakuna anayemrudisha popote. Juu ya birika la ofisi kuna kibao kilichoandikwa TAFUTA KARATASI YA PILI, na wanaojitolea hapa hufundishwa hilo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.

Mwezi Januari Mzee Keinan anakwenda nyumbani kulizuru kaburi la baba yake, kisha atarudi kuyasumbua mahindi yake kwenye kijishamba cha kukodi, ambayo hayajawahi kukomaa hata mwaka mmoja. Asante, mzee wetu, kwa mafaili, kwa chai, na kwa kunichomekea shati. Uende na afya, urudi na habari, na mahindi yakubali mwakani.

Kadi yako iko tayari. Tumeifanya kwa kanuni zako: kila jina limeandikwa na mwenyewe. Précieuse yuko Leicester kwa mama yake, akiwa na kichanga chake cha wiki mbili, kwa hiyo kadi ilisafiri kwa posta kwenda na kurudi. Jasbir aliisaini kwenye treni ya Sutton Coldfield, ndiyo maana mwandiko wake umeyumba. Kona ya chini iko wazi. Ukitaka, weka jina lako kati ya yetu, usipotaka tutaelewa.

Na katikati utaona alama ya wino. Jumanne Sherzaman alipanda ngazi zetu, akaomba pedi ya wino. Nilisogea nimsaidie, akanizuia kwa kutikisa kichwa. Dole gumba lile ameliweka mwenyewe, kwa niaba yake mwenyewe tu, na hakuna aliyemshika mkono.