Bi. Geua Lohia na Pini Mia Mbili na Kumi na Mbili za Soko la Mvinje

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya vikao viwili, ofisi inawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 28 Novemba, kopo la pini nyekundu halitakaa tena juu ya meza ya dirishani. Litahamishiwa kabati la chini, upande wa kushoto. Wenye maoni wayaandike kwa karani wa stoo, ambaye hatayasoma.

Sababu ya msiba huu ni kwamba mlezi wa kopo, Bi. Geua Lohia, anastaafu siku hiyo saa kumi jioni, baada ya kuitumikia Ofisi ya Ramani, Kituo cha Polisi cha Lagavada, kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekaa kaunta ya mbele muda mrefu, na kwa sababu wenzangu wenye mwandiko mzuri wote walipata dharura.

Geua ni mzaliwa wa Hanuabada, kwenye nyumba za nguzo juu ya maji. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Wiki yake ya tatu, mkuu wa wakati ule alileta ramani ya jiji letu zima la Port Moresby, kubwa kama shuka la watu wawili, akaibandika ukutani na kuuliza nani ana mkono usiotetemeka. Wanaume tukatazama viatu vyetu. Geua alikuwa anafuma mkoba wa kamba chini ya meza, kama anavyofanya mpaka leo katika kila kikao, na mkuu akasema yule anayefuma wakati yeye anahutubia ndiye atakayefaa. Kazi ikawa hiyo. Kila aliyepigwa au kukatwa alipata pini nyekundu mahali yalipomkuta, na doria zilipelekwa palipowiva zaidi.

Kazi hii ilikuwa na misukosuko yake. Mwaka tulipofungiwa feni mpya, kona ya ramani ilichanika na pini kadhaa zikamwagika sakafuni. Mfagizi, mtu mwema sana, aliziokota akazichomeka upya mahali alipoona pana nafasi, yaani baharini. Jumatatu asubuhi Mrakibu Arua Daroa aliingia, akakuta watu kumi na saba wamejeruhiwa katikati ya ghuba, akaagiza boti. Boti ilizunguka siku mbili. Taarifa ya doria ilisema hali ni shwari ila samaki ni wachache. Geua amelihifadhi faili hilo, na hulitoa mtu akimkera.

Kisha ukaja mwaka ambao mahali pa hatari kuliko pote jijini palikuwa kaunta yangu. Msinicheke. Vitongoji vya mabondeni havina majina ya mitaa wala namba za nyumba, na utaratibu ulisema asiye na anwani aandikwe pale alipotolea malalamiko. Basi kwa mujibu wa ramani, watu themanini na watatu walikuwa wamepigwa vibaya mbele ya macho yangu, nikiwa nakunywa chai. Mgeni mmoja wa halmashauri aliitazama ramani, akanitazama mimi, akasema atasimama tu, hana haja ya kiti.

Mrakibu alikasirika. Akaamuru tangu siku hiyo mtu asiye na anwani aulizwe mahali panapojulikana, karibu na lilipotokea tukio. Nami nilitii, kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kabla wala baada yake. Ndani ya miezi minane kaunta yangu ikawa mahali pa amani, na Soko la Mvinje, lililopakana na mabondeni hayo, likawa machinjio. Pini mia mbili na kumi na mbili zilibanana pale hadi karatasi ikatoboka. Mrakibu aliipiga picha ramani, akaipeleka halmashauri, na halmashauri ikaamua: soko litabomolewa. Walisema kinachochochea vurugu kimeonekana wazi. Ni tambuu, ni visu vya kumenyea mananasi, ni msongamano wa akina mama.

Ndipo alipokuja Mama Kaupa, mwenyekiti wa wauzaji, mtu wa Simbu milimani, mwenye kifua cha kubebea gunia la viazi vitamu na sauti ya kuwaamrisha waliolibeba. Trekta lilikuwa lije Jumatatu, na hapo ilikuwa Jumanne ya wiki tatu kabla. Akina mama mia moja na arobaini hawakuwa na pengine pa kutandika magunia yao. Alisimama mbele ya ramani, akaikagua kama anayekagua nyanya.

"Bwana Mrakibu, mimi nakaa hapo miaka kumi na tisa," alisema. "Kama watu mia mbili wamekatwa mbele ya viazi vyangu, mbona hamjanipigia hodi hata siku moja niwe shahidi?"

Mrakibu alijibu kwamba takwimu hazihitaji mashahidi. Mama Kaupa akasema viazi navyo havihitaji, lakini yeye anawajua wateja wake. Geua aliendelea kufuma mpaka mwisho wa mstari, akafunga kamba, akaomba likizo.

Likizo yenyewe ilikuwa siku kumi na moja. Aliitumia kutembea kwenye vitongoji vya mabondeni, fomu zikiwa ndani ya mkoba unaoning'inia mgongoni kwa kamba ya kichwani, nyumba kwa nyumba, akiuliza swali moja: ilikuwa wapi hasa? Aliporudi alichukua nyuzi zake za kufumia, akafunga uzi mmoja kwenye kila pini ya sokoni na kuuvuta mpaka mahali penyewe. Ijumaa ya kabla ya trekta, mkutano na halmashauri ulipofunguliwa, ukuta ulionekana kama pweza aliyeangukiwa na duka la nyuzi.

Sokoni zilibaki pini tisa, na nne kati ya hizo zilimhusu nguruwe mmoja. Nyuzi zote nyingine zilikwenda majumbani. Zilikwenda jikoni na barazani, na kwenye chumba kimoja wanamolala watu tisa. Nyingi ziliangukia Ijumaa ya mshahara, inayokuja kila baada ya wiki mbili na kreti lake la bia, na karibu zote zilifungwa kati ya watu wanaojuana: mke na mume, kaka na kaka, shemeji na shemeji waliogombania mahari. Watu tuliokuwa tunawapelekea doria sokoni walikuwa wameumia kwao, baada ya kufunga mlango.

Mrakibu, kwa upole, akanong'ona: "Dada Geua, ramani imeshapigwa picha."

"Basi ipigwe nyingine," Geua akajibu, akaanza kung'oa pini za sokoni, moja moja, mbele ya halmashauri nzima. Ilimchukua dakika ishirini na tano.

Jumatatu trekta halikuja. Soko la Mvinje lipo, na kila Krismasi ofisi hii hupokea gunia la viazi vitamu ambalo Mrakibu hulikabidhi kwa hotuba, kana kwamba viazi amevilima yeye.

Jarida letu la mwezi ule liliandika kwamba baada ya uchunguzi wa kitaalamu, ofisi ilibaini tatizo la anwani. Mimi nilipewa barua ya pongezi kwa kujaza fomu nyingi kuliko karani yeyote. Geua alipata kikombe cha chai chenye jina lake, wakakosea jina.

Dada Geua, asante kwa mkono usiotetemeka. Hanuabada ikupokee vizuri, samaki wakusogelee ngazini, wajukuu wakuache ufume angalau mistari miwili kabla hawajakukalia. Ofisi nzima inakuombea uzee mtamu na magoti yasiyolalamika.

Lakini kabla ya keki, nirekebishe lile la anwani, maana tatizo halikuwa anwani. Jioni ya siku ya nane ya likizo yake, Geua alikuja kaunta na fomu moja, vumbi hadi magotini. Kule bondeni mwanamke mmoja alikuwa amemkaribisha jikoni kwake na kumwonyesha pale pale alipovunjwa mkono.

"Kaka, hapa umeandika sokoni," aliniambia. "Siku hiyo kwenye benchi alikaa nani?"

Nikasema watu tu. Akauliza watu gani. Nikakumbuka: ndugu wawili wa mume wa mwanamke yule, waliomsindikiza. Nami nilikuwa nimeuliza kwa ile sauti yangu ya kuita foleni, "Ilikuwa wapi, mama?" Akawatazama shemeji zake, akasema sokoni. Nikaandika sokoni. Nilikuwa nimefanya hivyo miezi minane, na wengi wao wakarudi nyumbani na watu wale wale waliokaa benchi.

Geua hakumwambia yeyote. Aliung'oa mlango wa stoo, akaufunga kwenye chumba cha ramani, na toka siku hiyo wanawake wanaingia kwake mmoja mmoja, benchi linabaki nje. Mwaka huo uhalifu wa majumbani ulipanda maradufu, na Mrakibu akaandika barua ya kuulalamikia mlango.

Imepita miaka sita na hajawahi kunikumbusha. Nimeona niliseme mwenyewe, akiwa bado yumo ofisini na anasikia. Mama akija kaunta siku hizi sipazi sauti. Ninainuka na kumfungulia mlango, na Jumatatu nitafanya vivyo hivyo, ingawa mpaka leo hawajatuambia nani atakuwa amekaa ndani.