Sista Wakhungu Anatoka Wodini

Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2006, Bwana Hillary Wakhungu atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi: kumi na miwili katika zahanati za Bungoma, ishirini na mmoja hapa kwetu Kitale. Hiyo ndiyo hesabu iliyo kwenye faili. Yeye mwenyewe ana nyingine. Anasema anaondoka na majina arobaini na matatu ya kazi moja, na la arobaini na nne bado analitafuta.

Waliokuja juzi huenda hawajui kwa nini mwanamume mwenye masharubu kama yake huitwa Sista. Mwaka 1973, alipotoka chuoni na kupelekwa zahanati ya kwanza, watu wa huko walikuwa na majina mawili tu kwa mtu wa hospitali. Anayeandika dawa ni daktari, anayedunga sindano ni sista. Wakhungu alikuwa anadunga sindano. Wazee wakajaribu kumwita daktari kwa heshima, kina mama wakakataa, na mambo yakaishia hapo. Barua nyingine zilimfikia zikiwa zimeandikwa "Sista H. Wakhungu (Bwana)". Mwaka 1986 fundi aliyepewa kazi ya kutushonea sare alisoma orodha, akaona "Sista", akaleta gauni jeupe la saizi kubwa pamoja na kofia yake. Bwana Wakhungu hakununa. Alilipeleka gauni kwa fundi mwingine wa mji wa Kwanza, likakatwa vipande vya kufungia mikono iliyovunjika, na wagonjwa watano wakarudi nyumbani nalo.

Ila swali lilimkaa moyoni. Kama hapa anaitwa dada, je, kwingine anaitwaje? Akanunua daftari la miraba lenye jalada la buluu, akaanza kuuliza. Kitale ni mji mzuri kwa mtu wa maswali, kwa sababu miaka ile malori ya misaada ya kwenda Sudan yalikuwa yakipita hapa na watu wa kila taifa. Dereva akija na malaria, fundi wa injini akija na kidole kilichobanwa, atatibiwa vizuri, lakini hatoki kabla ya kuulizwa kwao muuguzi anaitwa nani, na neno hilo maana yake hasa ni nini. Mimi niliwahi kumwona akimzuia Mfini mmoja mlangoni, bandeji haijafungwa nusu, ampe tahajia.

Aliyokusanya ni mambo ya ajabu kweli. Wajerumani nao walikuwa na dada, Krankenschwester, dada wa wagonjwa, lakini mwanamume walimtafutia neno lake la mtunzaji. Warusi hawakusumbuka: mwanamke ni dada wa tiba, mwanamume ni medbrat, kaka wa tiba. Kwa Kiebrania mwanamume huitwa kaka tu, hakuna zaidi. Waarabu wana mumarrid, neno lililotoka penye asili ileile ya neno letu maradhi, na Wahispania nao humwita mtu huyu kwa jina la ugonjwa. Wachina wameweka kulinda ndani ya jina. Wafini husema sairaanhoitaja, mtunza mgonjwa, na lugha yao haijali kama ni bwana au bibi. Waingereza, ambao ndio tuliosomea kwa lugha yao, walianza na neno la kunyonyesha. Hilo la Waingereza alilisoma kwenye kamusi ya maktaba ya mji, akarudi wodini akijishika kifua.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niombe kuandika kurasa hizi mwenyewe, badala ya karani wetu Kimeli ambaye huandika za wote.

Agosti 2002 ilikuwa msimu wa tohara kwa Wabukusu. Huko Saboti, katika nyumba ya mwanawe, Bibi Agneta Nanyama wa Bungoma alikuwa akipika kwa ajili ya sherehe, sufuria kubwa ya maji ya ugali ikapinduka. Aliungua kuanzia kiunoni hadi gotini. Alipofikishwa kwetu, Daktari Wahome alisema wazi kwamba kidonda kikichafuka, mguu utakwenda, na kwa umri wake huenda yeye mwenyewe akaufuata. Kilihitaji kusafishwa kila siku na mtu mwenye mkono mwepesi. Mkono mwepesi kuliko yote katika hospitali hii, kila mtu anaujua ni wa nani.

Tatizo ni kwamba Bibi Agneta ni mama yake Fridah, na Fridah ni mke wa Bwana Wakhungu. Wenye kujua desturi za huko wameshaelewa. Sisi wa mjini, tuliokulia karibu na msikiti, ilibidi tuelezwe kwamba mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mikono, wala hawakai kiti kimoja, sembuse amfunue paja. Bibi alipomwona mlangoni alijifunika shuka mpaka kichwani. "Toeni huyo mtu hapa," akasema. "Afadhali nioze." Na Bwana Wakhungu alikuwa tayari ameshageuka anatoka.

Sellah, muuguzi mwenzangu, alikuwa likizo ya uzazi. Nikabaki mimi.

Lazima mjue hali yangu wakati ule. Mwezi mmoja kabla yake, mgonjwa wa kuungua alikuwa amefariki mikononi mwangu, na ingawa daktari alisema hapakuwa na la kufanya, mikono yangu haikumsikia. Nikishika koleo inatetemeka. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi, iko ndani ya mkoba wangu, inangoja tu mwisho wa mwezi. Niliamini hakuna ajuaye. Nilikuwa nimesahau kwamba mfano wa barua yenyewe nilimwomba Kimeli, na siri kwa Kimeli haikai hata kikombe kimoja cha chai.

Bwana Wakhungu aliniambia nivute pazia kuzunguka kitanda. Yeye akaweka kiti upande wa nje, akakaa, akanipa mgongo. "Mimi siingii," akasema. "Lakini niko hapa. Niambie unachoona." Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa siku kumi na tisa. Nilisema rangi, nilisema harufu, nilisema kitambaa kimeng'ang'ania wapi. Yeye akasema lowesha tena, ngoja, sasa anza pembeni, usivute. Alikuwa akisikia mpaka nikibana pumzi. "Pumua, Sumeya," anasema kutoka nje, na mgonjwa naye anapumua.

Maumivu ya kidonda cha moto hayana mzaha, na dawa ya kuyatuliza haikutosha. Ndipo daftari la buluu lilipoletwa. Kila siku nikianza kumwaga maji ya chumvi, Bwana Wakhungu alifungua ukurasa na kumweleza mama mkwe wake, kupitia kitambaa cha pazia, jinsi muuguzi anavyoitwa katika nchi moja. Moja tu kwa siku. Siku ya kwanza Bibi hakujibu, alikuwa anauma shuka. Siku ya nne, nilipoingia na trei, kabla sijamsalimia aliuliza, "Leo ni wa wapi?"

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Wachina. Bibi alitafakari. "Ati mrinzi? Kama soja wa benki?" Bwana Wakhungu akaeleza kwamba si wa rungu, ni wa kuzuia mabaya yasimfikie mtu. "Basi huyo ako sawa," Bibi akasema, na mimi nilikuwa nimemaliza goti zima bila yeye kutambua. Siku ya Wadenmaki ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana neno lao sygeplejerske lina umbo la kike na wanaume wao hulibeba hivyohivyo bila kulalamika. "Mwanaume mzima na ndevu?" Bibi akauliza. Upande wa pili wa pazia tukasikia Bwana Wakhungu anakohoa. Bibi akacheka mpaka ikabidi nisimamishe kazi. Ya Waingereza na kunyonyesha sitaisimulia, maana gazeti hili la hospitali husomwa na kasisi.

Ya Wajapani aliisoma kama habari mpya, na kweli ilikuwa mpya. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hesabu Moi's Bridge alimwambia kwamba kwao mwanamke alikuwa na jina lake, kangofu, na Machi ya mwaka huohuo sheria imelibadilisha, sasa wote ni kangoshi, wake kwa waume. Bwana Wakhungu alifurahi utadhani amepandishwa cheo. "Serikali nzima imekaa ikafikiria jambo hili," alisema. Bibi akataka kujua wale wenye jina la zamani wamelitupa wapi. Hakuna aliyejua. Swali hilo liko daftarini mpaka leo, na jibu halijapatikana.

Siku ya kumi na moja homa ilipanda. Kulikuwa na ngozi iliyokufa pajani, ilipaswa kutolewa yote, na kwa uangalifu. Nilishika koleo, mkono ukaanza. Niliona tena mgonjwa wangu wa Julai. Nikasema kwa sauti, "Mzee, ingia. Tafadhali. Mimi siwezi."

Hakuingia. Aliuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia, nikilia. Akasema, "Umeona vizuri. Anza juu." Halafu, kana kwamba tuko kwenye chai ya saa nne, akauliza sisi Wasomali tunamwitaje muuguzi. Nilimkasirikia. Nawaambia ukweli, nilimchukia kwa dakika kadhaa. Nilijiambia, mtu anakufa hapa na huyu anashikilia desturi. Lakini huwezi kuulizwa neno la kwenu usijibu. Nikasema kalkaaliye. "Maana yake?" Nikasema ni msaidizi. "Kalkaaliye," Bibi akarudia polepole, meno yameumana, na mimi nikaendelea kukata. Ilichukua saa moja na robo. Kesho yake homa ilishuka.

Bibi Agneta aliondoka kwa miguu yake yote miwili. Mkwe wake alisimama mbali, karibu na bomba la maji, wakapungiana mikono. Mimi barua sikuipeleka. Nilijiambia nitaipeleka mwezi ujao, na mwezi ujao Bwana Wakhungu akanipa vidonda vyote vya moto vya wodi.

Kuna mengine ya kusifu: jinsi alivyopigania choo cha wagonjwa mpaka kikajengwa, jinsi alivyowafundisha kina mama wa Saboti kwamba unga wa ngano hauwekwi juu ya mtu aliyeungua, jinsi alivyokuwa hachelewi zamu hata wakati wa matope. Waliofanya kazi naye Bungoma wanasema alikuwa akibeba mizani ya watoto mgongoni kutoka kijiji hadi kijiji. Kuimba hawezi, na tunashukuru kwamba kwa miaka miwili iliyopita amelikubali hilo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Bungoma kumwomba Bibi Agneta neno moja la kuweka hapa. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharage, mguu ameunyoosha juani. Nilimwita Kukhu, kama wajukuu zake wanavyomwita, nikamshukuru kwa kuvumilia mikono yangu, nikasema pole kwamba desturi ilimnyima mkono bora.

Aliacha kuchambua. "Desturi gani?" akasema. "Mimi siku ya tatu nirimwita kijana wangu, nikamwambia aende aseme huyo mtu aingie. Wazee warikubari, tungetengeneza mambo baadaye. Uchungu urikuwa mwingi, mwanangu. Nani anajari desturi?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuingia.

"Akakataa. Akanitumia maneno, ati Mama, vumiria kidogo. Huyu msichana ako na barua kwa mkoba. Nikiingia mimi, wewe utapona, lakini yeye ataenda." Akaendelea kuchambua maharage. "Nikaona si mbaya. Mguu ni wangu. Nikasema wacha ajifunzie hapo."

Nililia pale uani, na yeye akanisogezea ungo nimsaidie.

Bwana Wakhungu, miaka minne nimekuwa nikikusifu kwa kila anayenisikiliza kama mtu wa kushika mila, na wewe hukunisahihisha hata siku moja. Asante. Kwa niaba ya wodi zote, ya Daktari Wahome, ya Sellah, ya Kimeli ambaye safari hii tunamshukuru kwa mdomo wake, asante kwa miaka thelathini na mitatu. Nenda nyumbani kwa Fridah, upate siku nyingi zenye afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na mahindi yasiyoingiwa na fukusi. Bibi ameniagiza nikwambie kwamba kiti kimewekwa barazani kwake, na kwamba safari hii hakuna pazia.

Sumeya Issack
Msimamizi wa Wodi ya Wanawake kuanzia tarehe 1 Oktoba